Daftari la Mashine Isiyoona Rangi

Neno rehani, lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, limebeba harufu ya dhiki: mtu huweka rehani shamba, bangili au hati ya nyumba pale mambo yanapomzidi, na majirani wakisikia kwamba nyumba ya fulani imewekwa rehani hudhani kwamba mwenyewe yu mbioni kuipoteza. Nchini Marekani mambo ni kinyume chake, kwa kuwa rehani ya nyumba, yaani mkopo wa muda mrefu ambao dhamana yake ni nyumba ile ile inayonunuliwa kwa fedha za mkopo huo, ndiyo njia ya kawaida ambayo mfanyakazi wa kipato cha wastani huipitia ili apate mali ya kuwarithisha watoto wake. Mkopo huo mara nyingi hulipwa kwa miaka 30 kwa riba isiyobadilika, na kila mwezi unaopita sehemu ya deni hugeuka kuwa milki. Kwa hiyo anayenyimwa mkopo hanyimwi nyumba peke yake, bali hunyimwa pia akiba ambayo wenzake huijenga bila hata kuhisi kwamba wanaweka akiba.

Matokeo yake yanaonekana katika takwimu za taifa hilo. Karibu kaya tatu kati ya nne za Wamarekani Weupe huishi katika nyumba wanazozimiliki, ilhali kwa Wamarekani Weusi kiwango hicho hakifiki nusu, na pengo baina ya makundi hayo mawili, ambalo mwaka 1960 lilikuwa takriban pointi 27 za asilimia, halijapungua hata baada ya zaidi ya nusu karne ya sheria zinazokataza ubaguzi. Uchunguzi wa hali ya fedha za kaya uliofanywa na Benki Kuu ya Marekani mwaka 2022 ulionyesha kwamba kaya ya katikati ya Weupe, yaani ile ambayo nusu ya kaya zinaizidi na nusu ziko chini yake, ilikuwa na utajiri halisi wa dola 285,000, na ile ya Weusi dola 44,900. Nyumba si sababu pekee ya tofauti hiyo, lakini ndiyo mali kubwa kuliko zote ambazo familia nyingi za Marekani huwa nazo.

Jambo linalowashughulisha wachumi na wanasheria wa nchi hiyo kwa sasa ni kwamba mwamuzi wa kwanza wa maombi ya mkopo si tena afisa mikopo aliyeketi nyuma ya meza, akimtazama mwombaji usoni, bali ni programu ya kompyuta. Fomu ya maombi bado ina mahali pa kutaja rangi na asili, kwa kuwa sheria inawataka wakopeshaji wakusanye takwimu hizo, lakini jibu hilo haliingizwi katika hesabu za programu. Mashine hupokea alama za ukopaji, kipato, madeni, kiasi cha fedha taslimu ambacho mnunuzi anaweza kutanguliza na thamani ya nyumba, kisha katika muda wa dakika chache hutoa kauli: mkopo huu unafaa, au mkopo huu urudishwe kwa binadamu auangalie kwa tahadhari. Programu mbili zinazotawala kazi hiyo ziliingia sokoni katikati ya miaka ya 1990, moja ikiwa ya Fannie Mae, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1938, na nyingine ya Freddie Mac, iliyoanzishwa mwaka 1970. Taasisi hizo hazimkopeshi mtu moja kwa moja, bali hununua mikopo kutoka kwa mabenki na kuigeuza kuwa hatifungani zinazouzwa kwa wawekezaji, na kwa sababu hiyo benki inayotaka kuuza mkopo wake hulazimika kuupitisha katika mizani ya mnunuzi. Tangu msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 zote mbili zimekuwa chini ya usimamizi wa serikali ya shirikisho, hivi kwamba mizani inayotumika, kwa kiasi kikubwa, ni mizani ya dola yenyewe.

Dola hiyo ina historia yake na mizani. Mwaka 1933, katika mdororo mkuu wa uchumi, serikali iliunda shirika la kuwaokoa wenye nyumba walioshindwa kulipa, lililojulikana kwa kifupi chake cha HOLC, na baadaye kidogo shirika hilo likachora ramani za miji zaidi ya 200, likiigawa mitaa katika madaraja manne yaliyotiwa rangi ya kijani, buluu, manjano na nyekundu. Nyekundu ilimaanisha hatari, na mtaa ambamo Weusi waliishi ulikuwa na bahati ndogo sana ya kupata rangi nyingine, hata kama wakazi wake walikuwa walimu na mafundi waliolipa kodi zao kwa wakati. Ramani hizo zimekuwa maarufu mno katika simulizi za ubaguzi wa Marekani, pengine kupita kiasi, kwa maana wanahistoria wa uchumi wameonyesha kwamba mikopo mingi ya HOLC ilikwisha kutolewa kabla ramani hazijakamilika, na kwamba baadhi yake iliwafikia Weusi. Aliyestahili lawama nzito zaidi ni ndugu yake, Mamlaka ya Shirikisho ya Nyumba, iliyoundwa mwaka 1934 na inayojulikana kama FHA, ambayo haikukopesha bali ilitoa bima kwa mikopo ya mabenki. Ni bima hiyo iliyowezesha kuwepo kwa mkopo wa miaka mingi wenye kianzio kidogo, na ni mwongozo wa mamlaka hiyo, hususan toleo la mwaka 1938, uliowafundisha wathamini kwamba kuchanganyika kwa watu wa rangi mbalimbali hushusha thamani ya mtaa, na uliopendekeza hati za nyumba ziwekewe masharti ya kutowauzia watu wasiotakiwa.

Mafundisho hayo hayakubaki katika karatasi. Mjini Detroit, karibu na barabara ya Eight Mile, mjenzi mmoja aliyetaka kujenga nyumba za Weupe kando ya mtaa wa Weusi alikosa bima ya serikali kwa sababu ya ujirani huo. Mwaka 1941 akajenga ukuta wa zege wa urefu wa karibu mita 800, wenye kimo cha kumzidi kidogo mtu wa wastani, na baada ya hapo bima ikapatikana. Ukuta huo haukumzuia mtu yeyote aliyetaka kuuzunguka. Kazi yake ilikuwa kumridhisha mkaguzi wa hatari, na kwa maana hiyo ulikuwa ni ingizo katika fomu, lililojengwa kwa zege. Sehemu zake bado zimesimama, zikiwa zimechorwa picha za rangi na wakazi wa leo.

Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1948, katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer, kwamba mahakama haziwezi kusimamia utekelezaji wa masharti ya kibaguzi yaliyomo katika hati za nyumba, lakini mabenki na wathamini waliendelea na desturi yao kwa miaka 20 mingine. Wanajeshi waliorudi kutoka Vita Kuu ya Pili walikuwa wameahidiwa mikopo ya nyumba chini ya sheria ya mwaka 1944, ila mikopo yenyewe ilitolewa na mabenki ya mahali, na mabenki ya kusini hayakuwa na nia ya kumkopesha askari Mweusi hata kama serikali ilimdhamini. Sheria ya haki katika makazi ilipitishwa Aprili 1968, wiki moja baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, na ikafuatiwa na sheria ya usawa katika mikopo ya mwaka 1974, ambayo ilirekebishwa mwaka 1976 ili ihusu rangi pia. Pamoja na hizo ilikuja sheria ya mwaka 1975 iliyowataka wakopeshaji watoe hadharani takwimu za mikopo ya nyumba, na marekebisho yake ya mwaka 1989 yakaongeza sharti la kutaja rangi na kipato cha kila mwombaji. Ni sheria ambayo wasomaji wa kawaida hawaijui, wala haina mashujaa wa kuandikiwa vitabu, lakini bila takwimu zake mjadala wote unaofuata usingekuwa na mguu wa kusimamia.

Takwimu hizo zilipofunguliwa, swali lililozuka lilikuwa gumu kuliko ilivyotarajiwa. Kwamba Weusi walikataliwa mara nyingi zaidi lilikuwa jambo la wazi, ila mabenki yalijibu kwamba waombaji hao walikuwa na madeni mengi zaidi, akiba ndogo zaidi na rekodi mbaya zaidi za malipo, mambo ambayo takwimu za hadharani hazikuyaonyesha. Tawi la Boston la Benki Kuu likaamua kuyakusanya lenyewe, likawataka wakopeshaji wa mji huo watoe taarifa za ziada kuhusu maombi ya mwaka 1990, na utafiti uliotokana na kazi hiyo, ulioongozwa na Alicia Munnell na kuchapishwa katika jarida la kitaaluma mwaka 1996, ukawa mama wa tafiti zote za uwanja huu. Kabla ya kuzingatia hali ya fedha ya waombaji, pengo la kukataliwa baina ya Weupe kwa upande mmoja na Weusi pamoja na Walatino kwa upande mwingine lilikuwa pointi 18 za asilimia. Baada ya kuzingatia historia ya madeni, kipato, ajira na sifa za nyumba, lilibaki zaidi kidogo ya pointi 8. Maelezo ya mabenki, kwa hiyo, yalikuwa na ukweli zaidi ya nusu, na sehemu iliyobaki haikuwa na maelezo mengine yanayoridhisha isipokuwa rangi.

Namna sehemu hiyo iliyobaki ilivyofanya kazi ni jambo la kutafakari, kwa kuwa haikuhitaji chuki. Waombaji waliokuwa na rekodi safi kabisa walikubaliwa bila kujali rangi, lakini wengi wa waombaji hawakuwa na rekodi safi kabisa, na hapo ndipo afisa mikopo alipokuwa na uhuru wa kuuliza au kutouliza, kumpigia mteja simu na kumshauri alete barua ya kueleza bili iliyochelewa, au kuliacha faili lilivyo hadi likataliwe. Waswahili husema damu nzito kuliko maji. Afisa aliyemwona mwombaji kuwa kama mdogo wake alimtafutia njia, na yule aliyemwona kuwa mgeni alimtafutia kasoro.

Mashine iliingia miaka michache baadaye ikiwa na ahadi ya kuufuta uhuru huo, na si haki kusema kwamba ahadi ilikuwa ya uongo. Programu haina mdogo wake. Zaidi ya hayo, madhara makubwa kuliko yote yaliyowapata wakopaji Weusi katika kizazi hiki yalitokea mahali ambapo binadamu walibakiziwa hiari, yaani katika soko la mikopo ya riba kubwa iliyouzwa kwa wingi kabla ya mwaka 2008, ambapo madalali na maafisa waliruhusiwa kuongeza ada na riba juu ya kiwango kilichotokana na hali halisi ya mteja. Mwaka 2011 kampuni ya Countrywide, ambayo wakati huo ilikwisha kununuliwa na Bank of America, ilikubali kulipa dola milioni 335 ili kumaliza madai ya Wizara ya Sheria kwamba wateja zaidi ya 200,000 Weusi na Walatino walitozwa zaidi au kusukumiwa mikopo mibaya, na mwaka uliofuata Wells Fargo, iliyoyakana madai ya namna hiyo hiyo, ikakubali kulipa dola milioni 175. Mtu anayelilia siku za afisa mikopo mwenye utu anapaswa kuzisoma kwanza hati za kesi hizo.

Ukosoaji wa mashine ulipata nguvu mpya Agosti 2021, wakati chombo cha habari za uchunguzi kiitwacho The Markup kilipochambua maombi zaidi ya milioni mbili ya mikopo ya kawaida ya mwaka 2019 na kubaini kwamba, wakilinganishwa na Weupe wenye hali ya fedha inayofanana, Weusi walikuwa na uwezekano wa kukataliwa uliozidi kwa asilimia 80, Wenyeji wa Asili asilimia 70, watu wenye asili ya Asia na visiwa vya Pasifiki asilimia 50 na Walatino asilimia 40. Tarakimu hizo zilizunguka dunia. Vyama vya mabenki vilijibu kwamba uchambuzi huo haukuwa na alama za ukopaji za waombaji, na jibu hilo, ingawa lilikuwa la kujitetea, lilikuwa sahihi, kwani alama hizo hupelekwa kwa wasimamizi wa serikali lakini haziwekwi katika takwimu za hadharani kwa hoja ya kulinda faragha.

Wachumi watatu wa Benki Kuu, Neil Bhutta, Aurel Hizmo na Daniel Ringo, walikuwa na takwimu zile zilizofungwa, zikiwemo alama za ukopaji na hata kauli ambayo mashine ilitoa kwa kila ombi, na walichokikuta kinastahili kuelezwa polepole kwa sababu pande zote mbili za mjadala hupenda kukisoma nusu. Waligundua kwamba sifa za kifedha zinazoonekana ndizo zinazoeleza sehemu kubwa ya tofauti za kukataliwa, kwamba pengo linalobaki baada ya hapo ni kati ya pointi 1 na 2 za asilimia tu, na kwamba hata sehemu ya hilo huenda inatokana na mambo ambayo mashine iliyaona ila watafiti hawakuyaona. Ubaguzi wa ana kwa ana, kwa kipimo chao, umepungua sana tangu siku za utafiti wa Boston. Lakini utafiti huo huo unasema pia kwamba waombaji wa makundi ya wachache, kwa wastani, huja na alama za chini zaidi na deni kubwa zaidi likilinganishwa na thamani ya nyumba, na kwamba mashine isiyoona rangi huwaidhinisha mara chache zaidi. Kwa maneno mengine, pengo halikufutika. Lilihama kutoka kwenye kalamu ya afisa likaingia katika daftari ambalo mashine hulisoma. Anayeuliza kama mashine ni mbaguzi amekwisha kuchelewa, kwa sababu wakati swali hilo linapoulizwa, rangi imeshafanya kazi yake katika kila mstari wa daftari.

Mstari mzito kuliko yote ni ule wa alama za ukopaji, tarakimu moja kati ya 300 na 850 inayotolewa kwa fomula ya kampuni ya FICO, iliyoanza kutumika mwaka 1989 na kupokelewa na taasisi mbili za mikopo ya nyumba mwaka 1995. Asilimia 35 ya alama hutokana na uaminifu katika kulipa madeni yaliyopita, asilimia 30 na kiasi kinachodaiwa, na sehemu inayobaki hugawanywa baina ya umri wa historia ya mtu kama mkopaji, maombi mapya na aina za mikopo. Kinachohesabiwa humo ni deni, wala si fedha kwa jumla: mtu aliyelipa kodi ya nyumba kwa miaka 20 bila kuchelewa hata mwezi mmoja kwa kawaida hakuwa na mstari wowote wa kuonyesha, ilhali aliyepewa na wazazi wake kadi ya mkopo akiwa chuoni alikuwa na historia kabla hajaanza kazi. Na kuwa na wazazi wa kukupa kadi, au wa kukulipia ada ili usiingie katika deni la masomo, au wa kukuongezea kianzio cha nyumba, ni jambo linalotegemea kama wao wenyewe waliwahi kumiliki nyumba, yaani linarudi kwa yule mthamini wa mwaka 1938.

Kuna kasoro nyingine isiyotajwa sana, ambayo Laura Blattner wa Chuo Kikuu cha Stanford na Scott Nelson wa Chuo Kikuu cha Chicago waliieleza mwaka 2021. Alama za ukopaji, walisema, haziwapunji wachache tu, bali pia huwakosea zaidi kwa pande zote mbili, kwani faili lenye mikopo michache humpa mkadiriaji ushahidi hafifu, na usahihi wa alama katika kutabiri nani atashindwa kulipa hupungua kwa asilimia 5 hadi 10 kwa waombaji wa kipato cha chini na wa makundi ya wachache. Kosa hilo halirekebishiki kwa kubadili fomula wala kwa kuwaongezea kila mmoja alama chache, maana mashine haijui ni nani kati ya watu wawili wenye faili jembamba ambaye ni mwaminifu; na aliyekataliwa kimakosa hapati mkopo, asiyepata mkopo haongezi mstari katika faili, na faili lisiloongezeka humfanya akataliwe tena. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam anaweza kuutambua mzunguko huo, kwa sababu tangu M-Shwari ianzishwe nchini Kenya mwaka 2012 mamilioni ya watu wamepewa viwango vya mkopo kwa kusomwa mienendo yao ya simu, na anayetumia simu ya kuazima ana faili jembamba kuliko wote.

Nyumba yenyewe nayo huingia katika hesabu, kwa kuwa mashine hupima ukubwa wa deni dhidi ya thamani iliyotajwa na mthamini. Uchunguzi ambao Freddie Mac iliuchapisha mwaka 2021 ulionyesha kwamba katika mitaa yenye Weusi wengi, asilimia 12.5 ya nyumba zilizokuwa zinanunuliwa zilithaminiwa chini ya bei ambayo muuzaji na mnunuzi walikubaliana, ikilinganishwa na asilimia 7.4 katika mitaa ya Weupe. Thamani ikishuka hivyo, mnunuzi hulazimika kujazia tofauti kwa fedha taslimu au kuliacha ombi life, na katika takwimu kifo hicho huandikwa kuwa upungufu wa dhamana.

Kuhusu bei ya mkopo, yaani riba, wasomi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakiongozwa na Robert Bartlett na Adair Morse, walitoa somo kuhusu uvumilivu katika kusoma tafiti. Toleo la awali la kazi yao lilitangaza kwamba wakopeshaji wa mtandaoni wanaotumia algoriti, yaani kanuni za hesabu zinazofuatwa na kompyuta, huwabagua Weusi na Walatino kwa kiwango kilicho pungufu kwa asilimia 40 kuliko mabenki ya ana kwa ana, na magazeti yakashangilia. Toleo la mwisho, lililochapishwa mwaka 2022, lilikadiria kwamba riba ya ziada inayolipwa na wakopaji hao wenye hatari sawa na ya Weupe huwagharimu zaidi ya dola milioni 450 kwa mwaka, na likasema kwamba kwa mikopo inayopita kwa Fannie Mae na Freddie Mac wakopeshaji wa mtandaoni hawakuwa tofauti na wengine, nafuu ikionekana tu katika sehemu ya mikopo yenye bima ya FHA. Habari hiyo ya pili haikushangiliwa na wengi.

Hatua inayofuata imekwisha kuanza, nayo ni ya kuziacha fomula za zamani na kutumia mifumo inayojifunza yenyewe kutokana na data nyingi. Andreas Fuster na wenzake walionyesha mwaka 2022 kwamba mifumo ya aina hiyo hutabiri vizuri zaidi, ila wanaonufaika na usahihi huo ni Weupe na Waasia kuliko Weusi na Walatino, hata kama rangi haimo kabisa katika data, hasa kwa kuwa mfumo huo una unyumbufu mkubwa zaidi wa kugundua uhusiano uliojificha kati ya sifa za mwombaji na hatari ya kutolipa, wala si sana kwa kuikisia rangi kutokana na vipande vingine. La kushangaza zaidi ni jaribio la mwaka 2024 la watafiti wa Chuo Kikuu cha Lehigh, Pennsylvania, na wenzao, waliozipa programu za akili unde, zile zinazozungumza na mtumiaji kwa maandishi, maombi halisi ya mikopo yaliyobadilishwa rangi ya mwombaji na alama zake. Katika majaribio hayo mwombaji Mweusi alihitaji takriban alama 120 zaidi ili akubaliwe kwa kiwango sawa na Mweupe mwenye kila kitu kingine sawa, na pengo hilo karibu lilitoweka pale watafiti walipoongeza agizo moja fupi la kuitaka programu isiwe na upendeleo katika uamuzi wake. Programu za namna hiyo sizo zinazotumiwa na Fannie Mae au Freddie Mac katika mizani yao, jambo ambalo vichwa vya habari vililisahau. Hata hivyo ni vigumu kujisikia salama mbele ya mwamuzi ambaye haki yake inategemea kama kuna aliyekumbuka kumwambia.

Sheria inayomhusu mwamuzi wa aina hiyo imo katika mvutano. Wanasheria wa Marekani hutofautisha ubaguzi wa kukusudia na ule wa matokeo, yaani kanuni isiyotaja rangi ambayo hata hivyo huwaumiza watu wa rangi fulani bila sababu ya msingi ya kibiashara. Mahakama ya Juu ilikubali mwaka 2015, kwa kura 5 dhidi ya 4, katika kesi iliyotoka Texas, kwamba sheria ya makazi ya mwaka 1968 inahusu aina zote mbili, na kwa kuwa mashine haikusudii chochote, hoja ya pili ndiyo karibu silaha pekee inayoweza kuifikia. Aprili 2025 Rais Donald Trump alisaini amri inayozielekeza taasisi za serikali kuu kuachana na hoja hiyo kwa kadiri inavyowezekana. Uamuzi wa mahakama haufutwi na amri ya rais, na mlalamikaji binafsi bado anaweza kwenda mahakamani. Aliyeondolewa uwanjani ni mkaguzi wa serikali, ambaye ndiye mwenye uwezo wa kulifungua daftari lote.

Mabadiliko yaliyo madogo na ya kiufundi yamekuwa na bahati nzuri zaidi. Tangu Septemba 2021 programu ya Fannie Mae imeweza, kwa ruhusa ya mwombaji, kuzisoma taarifa za akaunti yake ya benki na kutambua kodi ya nyumba iliyolipwa kila mwezi, na malipo hayo huweza kumsaidia anayenunua kwa mara ya kwanza bila kumdhuru aliyewahi kuchelewa. Ila kodi hiyo lazima iwe imepita benki. Wanaolipa mkononi, na wanaoishi chini ya paa moja na ndugu wakichangiana gharama, wanabaki nje, na miongoni mwao ni wengi wa wale waliofika Marekani katika miaka ya karibuni kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Somalia, ambao faili lao huanza na ukurasa mtupu hata kama walikotoka walikuwa watu wa kuaminiwa.

Watu hao wana daftari lao wenyewe. Upatu, au chama kama unavyoitwa Kenya, au likelemba kwa Wakongo, huwataka watu kumi au ishirini watoe kiasi kile kile kila mwezi ili mmoja wao apokee fungu lote kwa zamu, na anayeshindwa kutoa baada ya kupokea hupoteza jina lake mbele ya watu wote anaowajua, adhabu ambayo benki haina uwezo wa kuitoa. Mjini San Francisco shirika la Mission Asset Fund, lililoanzishwa mwaka 2007, limekuwa likiwasajili wahamiaji katika vikundi vya namna hiyo hiyo, hasa Walatino waliokuja na desturi yao ya tanda, likiwasainisha hati za mkopo usio na riba na kupeleka kila mchango katika kampuni zinazotunza kumbukumbu za ukopaji, hivi kwamba zamu iliyolipwa kwa wakati huonekana na mashine kama inavyoonekana kadi ya mkopo. Nje ya mipango michache ya aina hiyo, mama aliyeshika daftari la upatu kwa miaka kumi bila shilingi kupotea huandikwa na mfumo kuwa mtu asiye na historia.